Maswali na Majibu: Chumba cha Nasaha Si Mahakama

Barua tatu za mwezi huu zimetoka kaunti yetu ya Lamu: Langoni, kisiwa cha Pate na Mokowe. Zote zinamhusu mwalimu wa ushauri nasaha: kazi yake ni ipi, na inakomea wapi.

Swali: Asalaam aleikum. Binti yangu yuko kidato cha tatu. Muhula huu ameitwa chumba cha nasaha mara tatu. Nikimuuliza hanijibu, na mwalimu naye ameniambia hayo ni mazungumzo yao wawili. Mimi ndiye niliyemzaa. Ananifichaje habari za mwanangu? — Mama, Langoni

Jibu: Waaleikum salaam, mama. Uchungu wako tunauelewa, lakini mwalimu huyo anafanya kazi yake sawasawa. Mtoto akijua neno lake litafika nyumbani kabla yeye hajafika, hatalisema. Na mji wetu mdogo: neno likitoka ofisini asubuhi, adhuhuri liko barazani.

Hata hivyo siri hiyo ina mipaka, na mwalimu anayeijua kazi huitaja kikao cha kwanza, kabla mtoto hajaanza kusema. Mtoto akitaka kujidhuru, akitaka kumdhuru mwenzake, au akiwa anadhuriwa na mtu, mwalimu hana ruhusa ya kunyamaza. Kuhusu dhuluma za kingono, waraka wa Tume ya Huduma za Walimu wa mwaka 2010 unataka taarifa itolewe ndani ya saa 24, hata kama ni shaka tu.

Badala ya kumuuliza mwalimu "Alikwambia nini?", muulize "Nyumbani nifanye nini, na niache nini?" Swali la kwanza hawezi kulijibu bila kumvunja mtoto; la pili atalijibu, tena kwa furaha. Unaweza pia kuomba kikao cha watu watatu, binti akikubali. Usimsaili usiku akiwa amechoka, wala usiwatume shangazi zake kumpeleleza. Lakini akitaja kufa, au akianza kugawa vitu vyake avipendavyo, usingoje miadi: mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Nambari 116, ya kuwasaidia watoto, hupokelewa saa 24 bila malipo.

Swali: Mimi ni mwalimu kisiwani Pate. Mwaka huu nimekabidhiwa nasaha juu ya vipindi 27 kwa wiki. Chumba sina, na mwalimu mkuu amenitia katika kamati ya nidhamu pia. Wanafunzi hawaji ila wakiletwa. Nianzie wapi?

Jibu: Mwalimu, anzia kwenye hiyo kamati. Hapo ndipo penye tatizo lako kubwa kuliko chumba. Mwanafunzi aliyekuona Jumatatu ukiamua mwenzake afukuzwe wiki mbili hatakuja Jumanne kukwambia kwamba anavuta bangi. Mwombe mkuu wa shule, kwa heshima na kwa maandishi, akuondoe katika kutoa adhabu. Kamati ikitaka, ikutumie mtoto baada ya uamuzi, si kabla. Bakora nayo isionekane mkononi mwako wala mezani pako. Adhabu ya viboko shuleni ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaikataza tena, lakini kwa mwalimu wa nasaha sheria ni sababu ya pili. Ya kwanza ni kwamba fimbo hufunga midomo.

Kuhusu chumba, kona ya maktaba yatosha, bora watu waweze kuwaona kwa dirisha lakini wasiweze kuwasikia. Hilo la kuonekana humlinda mtoto na hukulinda wewe. Viti viwili vya kimo kimoja, vikae upande mmoja wa meza. Tenga vipindi viwili kwa wiki vinavyojulikana na vibandike kwenye ratiba, kisha weka sanduku lenye kufuli la kutilia vikaratasi, ufunguo uwe kwako peke yako. Usimwite mtoto kwa jina mbele ya gwaride, wala usimtume kiranja kumtafuta. Makosa haya mawili ndiyo yanayoua nasaha katika shule nyingi, kwa sababu anayeitwa hadharani tayari amehukumiwa na wenzake.

Kikao kisizidi dakika 40. Mweleze mipaka ya siri, kisha muulize nini kimemleta, halafu nyamaza. Walimu tumezoea kujibu, kwa hivyo dakika ya tatu tushaanza kumpa mawaidha. Mawaidha anayapata chuo cha Kurani na nyumbani. Kwako amekuja kusikilizwa. Rudia alilosema kwa maneno yako, umuulize kama umeelewa. Mwisho mkubaliane jambo moja dogo la kufanya kabla ya kikao kijacho, moja tu. Andika mistari mitano: tarehe, alama ya siri badala ya jina, jambo lililoletwa, mlilokubaliana, siku ya kurudi. Faili liwe chini ya kufuli, mbali na faili za nidhamu.

Usiwangoje waje, pia. Kitabu cha mahudhurio kitakuonyesha mengi. Bahari ikitulia wakati wa kaskazi, angalia wavulana gani wanakosekana siku zile zile. Huenda wako baharini kutafuta karo, na tiba ya hilo ni kuzungumza na mzazi na mkuu wa shule juu ya kulipa kidogo kidogo, si kumpa mtoto mhadhara juu ya faida za elimu.

Tena ujue kikomo chako. Wewe si daktari. Mtoto anayeanguka na kutetemeka apelekwe hospitali. Usimwambie ana jini, wala usimkejeli anayemsomea dua. Aliyebakwa afike hospitali haraka, kwa maana dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zinatakiwa zianze ndani ya saa 72. Asioge, nguo zake zitiwe katika mfuko wa karatasi, si plastiki. Ukitaka kumvusha hadi Lamu mjini, kumbuka kwamba safari ya bahari hungoja maji kujaa. Saa hizo zihesabu tangu mwanzo. Na wazee wakija na sulhu, waeleze kwa adabu kwamba chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kuisimamisha kesi si uamuzi wa familia wala wa baraza.

Swali: Mwanangu yuko Gredi ya 9. Mwalimu wa nasaha anamshauri achague njia ya Sanaa na Sayansi ya Michezo kwa masomo ya sekondari ya juu. Mimi nataka njia ya sayansi. Nani mwenye neno la mwisho? — Baba, Mokowe

Jibu: Bwana, mwalimu wa nasaha hachagui. Kazi yake ni kuwatandazia mezani alama za kijana, anachokipenda, na masomo yanayofundishwa katika shule mnazozifikiria. Mwombe akuonyeshe alama zote, kwani mtihani wa Gredi ya 9 huhesabiwa asilimia 60 tu ya alama za mwisho. Wa Gredi ya 6 una 20, na tathmini za Gredi ya 7 na 8 zina 20 nyingine. Kama hisabati yake imekuwa ikishuka tangu Gredi ya 7, utaliona hapo. Si kila shule inafundisha Sanaa na Michezo, kwa hivyo ulizeni mapema kama kijana atalazimika kwenda bweni nje ya kaunti, na nauli na karo zitatoka wapi. Kikao hicho mwende nyote wawili, na kijana azungumze kwanza.