Kijana Anayezama Asiachwe Peke Yake: Niliyojifunza Kuhusu Fentanili

Nimekaa karibu na kijana aliyekuwa akizama kwenye dawa za kulevya. Ni mtoto wa kaka yangu, na mimi shangazi yake ndiye niliyekuwa na chumba cha ziada wakati kwao maneno yameshakuwa makali. Ameniruhusu niandike kwa sharti moja: niandike yatakayomsaidia mtu, nisimfanye yeye kuwa kisa cha kusikitikiwa.

Basi naanza na lile ninaloliamini kuliko yote. Fentanili, dawa kali ya maumivu ambayo pia huuzwa kwa magendo, inasimamisha pumzi, na pumzi iliyosimama inaweza kurudishwa iwapo kuna mtu pale, dakika ile. Aliye peke yake nyuma ya mlango uliofungwa hana wa kumrudishia. Kwa hiyo kila unalomfanyia kijana wako, liwe kumkanya au kumsaidia, lipime kwa swali hili: litamfanya ajifiche zaidi, au litamweka karibu na mtu?

Fentanili yenyewe ni dawa halali ya hospitali. Ilitengenezwa Ubelgiji na Paul Janssen mwaka 1960, na hadi leo hutumika wakati wa upasuaji na kwa maumivu makali ya saratani. Ina nguvu takriban mara 100 ya mofini na mara 50 ya heroini. Mtaalamu wa usingizi huipima kwa mikrogramu, mgonjwa akiwa anaangaliwa pumzi baada ya pumzi. Balaa ni ile inayotengenezwa kwa kificho na kukorogwa bila kipimo. Miligramu 2, kiasi kama chembe chache za chumvi, zinaweza kumuua mtu ambaye mwili wake haujazoea. Mtengenezaji wa magendo hawezi kugawa kiasi kidogo hivyo sawasawa, ndiyo maana vidonge viwili vilivyotoka mfuko mmoja, kimoja kinaweza kupita salama na kingine kikaua.

Wazazi wengi wanadhani hatari hii ni ya wanaojidunga sindano. Mwanangu huyu hakujidunga kamwe. Alikuwa halali usiku, ameacha masomo bila kumwambia mtu, na alinunua vidonge vya kutuliza wasiwasi kutoka kwa muuzaji aliyempata kwenye mtandao wa kijamii. Vidonge vya namna hiyo hufanana na vya duka la dawa, kama Xanax ya wasiwasi, Percocet ya maumivu au Adderall ya kusaidia umakini, rangi ni ileile na herufi ni zilezile. Kwa macho huwezi kuvitofautisha, na mimi siamini mtu anayesema anaweza. Shirika la Marekani la kupambana na dawa za kulevya, DEA, lilipima vidonge bandia vyenye fentanili mwaka 2023 likakuta 7 kati ya 10 vina kiasi kinachoweza kuua. Mwaka 2024 ikawa 5 kati ya 10. Mwanamuziki Prince alifariki Aprili 2016 baada ya kumeza vidonge vilivyoigiza Vicodin, dawa ya maumivu, na uchunguzi haukupata ushahidi kwamba alijua ndani yake mna fentanili.

Mwaka 2023 Marekani ilipoteza watu zaidi ya 105,000 kwa kuzidisha dozi, na katika vifo karibu 73,000 kati ya hivyo kulikuwa na dawa za kundi la fentanili. Mwaka uliofuata jumla ilishuka hadi kama 80,000. Miongoni mwa sababu zinazotajwa ni kusambaa kwa naloksoni, dawa inayorudisha pumzi ya aliyezidisha dozi, mikononi mwa watu wa kawaida. Nitairudia hiyo, lakini mazungumzo yanatangulia, kwa sababu dawa iliyo kabatini haimfai kijana ambaye hujui yuko wapi.

Mikutano ya ukoo, wazee wamekaa mstari mmoja na kijana amekaa mbele yao, kwetu haikuzaa kitu. Aliinamisha kichwa, akasema ndiyo kwa kila jambo, akatoweka siku kadhaa. Maneno ya kweli yalikuja tukiosha vyombo, au usiku ndani ya gari, macho yetu yakiwa mbele. Nilimuuliza kidonge kinampa nini. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema ndiyo saa pekee ambazo kichwa chake hunyamaza. Jibu lile lilibadilisha kazi yote iliyokuwa mbele yetu. Tulikuwa tukitafuta njia ya kumnyang'anya vidonge, kumbe ilibidi tutafute msaada wa wasiwasi na wa kukosa usingizi, jambo ambalo alikuwa tayari kulizungumza na daktari. La dawa za kulevya liliingia kwa mlango huo.

Muulize wazi: unatumia nini, mara ngapi, ukiwa na nani? Uliza kama mtu anayetaka kujua, kisha nyamaza umsikilize mpaka mwisho. Na kama unaona amekata tamaa, muulize pia kama anafikiria kujiua. Wengi tunaogopa kwamba swali hilo litampa wazo. Halimpi wazo. Mara nyingi humpunguzia mzigo aliokuwa ameubeba peke yake. Kwa aliye Marekani, namba 988, ya msaada kwa wenye mawazo ya kujiua, hupokea simu na ujumbe usiku na mchana, na ina wakalimani wa simu kwa lugha nyingi. Wazazi pia wanaruhusiwa kupiga.

Ndugu wengi walinishauri nimfukuze. Akigonga mwamba atajirudi, walisema. Zamani pengine kulikuwa na nafasi ya kugonga mwamba na kuinuka. Kwa fentanili, mwamba wa kwanza unaweza kuwa wa mwisho. Mipaka niliweka: sikumpa fedha taslimu, kilichohitajika nilikilipia mwenyewe, na sikumdanganyia mwajiri wala mtu yeyote. Ila nilimwambia pia, "Sitaki utumie. Lakini ikitokea umetumia, usifunge mlango kwa ufunguo, na uniambie nije nikuangalie." Ndugu mmoja alisema hiyo ni ruhusa. Sikuona hivyo, na hata leo sioni. Hakuna kijana anayesubiri ruhusa ya shangazi yake ili ameze kidonge. Anachosubiri ni kujua kama akiita, atakayekuja atakuja kumwokoa au kumgombeza.

Sasa naloksoni. Ni dawa ya kupuliza puani inayoondoa fentanili na jamii yake kwenye vipokezi vya ubongo, mtu akaanza kupumua tena. Marekani, tangu 2023, inauzwa bila cheti cha daktari, na vituo vingi vya afya ya jamii huitoa bure. Kwingineko uliza famasia au kliniki ya waraibu. Aliyepitiliza utamjua hivi: ukimwita na kumsugua kifuani kwa vifundo vya vidole, haamki. Mboni za macho zimekuwa ndogo kama nukta. Pumzi ni chache au hakuna. Kwa ngozi zetu nyeusi usingoje kuona ubuluu. Tazama midomo, ufizi na kucha kama vimepauka rangi ya majivu. Na sikiliza mkoromo. Hili nalisema kwa uzito, kwa sababu familia nyingi hupita mlangoni, zikasikia mtu anakoroma kwa kubanwa au kugugumia kooni, zikashukuru kwamba hatimaye amelala. Mkoromo wa namna hiyo kwa mtu aliyetumia dawa unaweza kuwa ndio mwili unaoshindwa kupumua. Ingia umwamshe. Heri akukasirikie.

Asipoamka, piga simu ya dharura, mpulizie dozi yote kwenye tundu moja la pua, na kama unajua kumpumulia mdomo kwa mdomo, fanya. Dakika 2 au 3 zikipita bila mabadiliko, mpe dozi ya pili. Akianza kupumua, mlaze ubavu ili asipaliwe na matapishi, na usiondoke. Nguvu ya naloksoni hudumu kati ya dakika 30 na 90, na fentanili inaweza kubaki mwilini baada ya hapo, akazama tena. Kama alichomeza hakikuwa fentanili, naloksoni haitamdhuru. Hata pale ambapo wauzaji wamechanganya zailazini, dawa ya kulaza wanyama ambayo naloksoni haiigusi, mpe tu. Kumwagia maji ya baridi, kumnywesha maziwa au kahawa, kumwacha alale mpaka ziishe, hayo yanakula dakika ambazo hana. Usiogope kumshika pia. Wataalamu wa sumu walieleza tangu 2017 kwamba kugusa fentanili kidogo kwa ngozi hakumwangushi anayetoa msaada. Na majimbo mengi ya Marekani yana sheria za kumlinda anayepiga simu kumwokoa mtu, ingawa kiwango cha kinga hutofautiana. Soma ya kwako mapema.

Kipindi nilichokiogopa kuliko vyote kilikuja baada ya matibabu, pale ndugu walipokuwa wakishangilia. Mtu akikaa bila kutumia, iwe kituoni, gerezani au kwa juhudi zake, mwili husahau uzoefu. Kiasi kilekile cha zamani sasa kinamuua. Akitoka, ndipo anapohitaji watu wa kumzunguka zaidi. Methadoni na buprenofini, dawa za kutibu uraibu wa fentanili na jamii yake, hupunguza vifo kwa kiasi kikubwa na huzuia arosto isimrudishe kwa muuzaji. Utasikia watu wakisema huko ni kubadilisha uraibu kwa uraibu. Nimeona kijana akirudi kulala usiku, kula na kwenda kazini akiwa kwenye buprenofini, na siwezi kukubaliana nao. Marekani, kibali maalumu ambacho madaktari walihitaji ili kuiandika kiliondolewa, na tangu 2023 daktari wa kawaida mwenye leseni ya dawa zinazodhibitiwa anaweza kuiandika.

Jambo la karatasi: akishafika miaka 18, kwa kawaida hospitali haitakueleza habari zake bila idhini yake. Lakini hakuna kinachokuzuia wewe kuwaeleza unachokiona, nao wakasikiliza. Mwombe asaini idhini siku ambayo mnaelewana. Kwa Marekani anaweza pia kubaki kwenye bima ya mzazi mpaka afikishe 26. Vijana wengi hawajui, wanaacha kutafuta tiba kwa hofu ya gharama.

Naloksoni iwekwe mahali ambapo kila mtu nyumbani anapajua, na tarehe ya kuisha iangaliwe. Wafundishe na wadogo zake kuitumia. Mara nyingi wao ndio wako nyumbani, na wao ndio wanaojua yanayoendelea kabla yetu. Waambie mapema, na wasikie kutoka kinywani mwako, kwamba atakayepiga simu ya dharura hataulizwa kwa nini hakusema mapema.