Barua kwa mwanangu: kumjibu mtu na kumchambua

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema tangu mlipogombana na dada yako hamjasemezana, na unaniuliza: "Mama, nitamheshimuje mtu anayeamini jambo ambalo mimi naona si la kweli? Nikinyamaza, si nitakuwa mnafiki?" Swali hilo najua linanigusa na mimi, maana mimi bado nasali na wewe umeacha. Nakujibu kama mama yako, na pia kama mtu aliyewahi kulikosea jambo hili vibaya.

Hili la unafiki tulimalize haraka. Hakuna anayekutaka uikubali imani ya dada yako. Lipime wazo lake, lipinge, na ukiona halina mashiko sema hivyo. Mimi nami nikiona msimamo wako una tundu nitakuonyesha. Wahenga walisema heshima si utumwa. Kinachonikera ni kitu kingine: ni wapi hasa mabishano haya yanageuka kuwa uadui. Kwa nilivyoona mimi, hayaharibiki mtu anaposema Mungu yupo, wala mwenzake anaposema hayupo. Yanaharibika pale mmoja anapoacha kumjibu mwenzake na kuanza kumchambua.

Hebu tazama mlichoambiana. Wewe ulimwambia, "Unaamini kwa sababu unaogopa kufa." Yeye akakurudishia, "Umeacha sala ili uishi utakavyo." Hapo hamna hoja hata moja. Kila mmoja aliingia moyoni mwa mwenzake bila kupiga hodi, akatoka akitangaza alichokiona humo. Na ubaya wa kauli kama hizo ni kwamba hazijibiki. Dada yako akisema haogopi, utamwambia ndivyo wasemavyo wenye hofu. Ukisema unaishi kwa uadilifu, atakwambia unajificha. Mtu asiyeachiwa nafasi ya kujitetea atafanya nini kama si kupaza sauti? Tena tuseme kweli anaogopa kufa: hilo litathibitishaje kwamba Mungu hayupo? Na tuseme kweli ulitaka kuishi upendavyo: hilo litathibitishaje kwamba yupo? Njia iliyomfikisha mtu kwenye wazo ni habari moja, na ukweli wa wazo lenyewe ni habari nyingine kabisa.

Mimi nilijifunza hili kwa aibu. Mlipokuwa wadogo nilifanya kazi na bwana mmoja asiyeamini, mtu mtaratibu, meza yake ikitazamana na yangu. Mchana mmoja, mbele ya wenzetu, nilimuuliza, "Wewe usiye na Mungu wa kumwogopa, ni nini kinachokuzuia usiibe?" Watu wakacheka. Nami nikajiona nimeuliza swali la maana sana. Wiki hiyohiyo alikuwa amemrudishia mhasibu pesa alizozidishiwa kwenye mshahara, na mimi kwa macho yangu nilimwona akizihesabu na kutia saini. Hakunijibu neno. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa shati, polepole, kioo kimoja kisha cha pili, akaivaa, akarudi kwenye makaratasi yake.

Siku ya tatu nilimwendea kumwomba radhi. Alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Akaniambia swali lenyewe ni zuri, wanafalsafa wamelihangaikia karne nyingi, na angefurahi tulizungumze. Ila mimi sikuwa nimeuliza, nilikuwa nimemshtaki. Basi tukalizungumza, na mengine mengi, kwa miaka. Hakuamini, nami sikuacha kuamini. Alipostaafu nililia.

Tangu hapo nimekuwa nikiwatafuta watu waliowahi kupingana vizuri, maana magomvi hayahitaji kutafutwa. Wa kwanza kunivutia ni al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111. Aliwapinga vikali wanafalsafa wa zama zake. Lakini alikuwa pia na kitabu kizima cha kuyaeleza mawazo yao, na aliyaeleza kwa uaminifu kiasi kwamba kilipofasiriwa kwa Kilatini, wasomi wengi wa Ulaya walidhani naye ni mmoja wa wanafalsafa hao. Jiulize: wewe ukimweleza rafiki yako imani ya dada yako, yupo atakayekudhania muumini hata kwa dakika moja? Na yeye akiwaeleza wenzake mashaka yako, si anakulisha maneno?

Wa pili ni wawili. Mwezi Januari mwaka 1948 redio ya BBC ilimkutanisha Bertrand Russell, mwanafalsafa ambaye hakuwa na dini, na Frederick Copleston, padri Mjesuti, wajadili kama Mungu yupo. Copleston alianza kwa kueleza anamaanisha nini anaposema "Mungu", akamuuliza Russell kama maana hiyo wanaweza kuikubali wote wawili. Russell akaikubali. Halafu ndipo wakabishana, na walibishana kwelikweli: padri akisisitiza kwamba ulimwengu lazima uwe na sababu nje yake, Russell akikataa kwamba swali hilo lina maana, akisema ulimwengu upo tu, basi. Waliachana kila mmoja na lake. Nachukia mtu anaponiambia mdahalo usiokuwa na mshindi ni kazi bure. Wale wawili walituonyesha mahali penyewe njia zinapoachana, na kabla ya kupajua mahali hapo mnakuwa mnarushiana mawe gizani.

Lakini ninaowapenda zaidi ni Charles Darwin, yule mwanasayansi wa nadharia ya mageuzi, na mkewe Emma. Kabla ya ndoa yao, iliyofungwa Januari 1839, Darwin alimweleza mchumba wake mashaka yake juu ya dini. Emma alikuwa muumini, na yalimuumiza. Baada ya harusi alimwandikia barua. Angeweza kumwambia ana kiburi cha elimu. Yeye alianza kwa kukiri kwamba mume wake anautafuta ukweli kwa nia safi, ndipo akamweleza wasiwasi wake: kwamba mazoea ya kisayansi ya kutoamini lolote mpaka lithibitishwe huenda yakamfanya ayapime vivyo hivyo mambo yasiyothibitishika kwa njia hiyo. Hakuficha hofu yake kwamba huenda wasiwe pamoja milele. Darwin hakurudi kwenye imani. Mwaka 1851 binti yao Annie alifariki akiwa na miaka 10, na kila mmoja aliubeba msiba huo na moyo wake. Lakini barua ile Darwin aliitunza, na juu yake aliandika maneno machache ili Emma ayasome baada ya mumewe kufa: kwamba mara nyingi ameibusu na kuililia.

Utaniambia si watu wote wana bahati ya kubishana kwa barua na mabusu. Ni kweli, na hapa siko tayari kulegeza. Mwaka 2015 mwandishi Avijit Roy, aliyetetea waziwazi haki ya kutoamini, alikatwa mapanga barabarani mjini Dhaka, Bangladesh, hadi kufa. Mwaka 1967 Albania ilipiga marufuku dini zote, ikafunga misikiti na makanisa, na kanisa kuu la Shkodër likageuzwa ukumbi wa michezo. Mwenye panga au mwenye dola akimwambia mwenzake "tuheshimiane", anachotaka ni anyamaze. Kwa hiyo sikushauri unyamaze, popote. Ninachosema ni kwamba wewe na dada yako hamna panga wala dola juu ya mwenzenu. Mna ulimi tu, na kila mmoja anajua penye kidonda cha mwenzake.

Nawe ulinijua kidonda changu, ukakigusa kwa upole, nami nashukuru. Uliandika mwishoni kwamba kila ninapokwambia "nakuombea" unasikia kama nimekufokea. Nilikaa na maneno hayo usiku kucha. Kuna siku nilikuombea kwa mapenzi, na kuna siku nililisema neno hilo ili nikuchome, hasa tulipokuwa tumeshindana na nikakosa jibu. Siku hizo zote mbili unazijua, ndiyo maana huwezi tena kuzitofautisha. Sitaacha kukuombea, ningekudanganya nikikuahidi hivyo. Ila sitakwambia tena, labda uniulize.

Dada yako alinipigia jana. Anarudi kliniki Alhamisi, na majibu ya vipimo bado. Ile kauli yako kuhusu hofu ya kufa aliisikia wiki aliyotoka hospitalini, jambo ambalo wakati ule hukulijua. Mpigie kabla ya Alhamisi. Habari za Mungu ziacheni kwa sasa. Anza na kauli ile. Na yeye nimemwambia ana ya kwake ya kukuomba radhi.

Mama yako