Wasifu wa babu yako: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza: wajomba zako wamekupa kazi ya kuandika wasifu wa babu, usomwe Jumamosi kabla ya maziko, na ya jeshini huyajui, uanzie wapi, na ya nyumbani uyaweke wapi? Yaweke pamoja. Katika misiba mingi wasifu wa mwanajeshi huwa na aya ya "utumishi" na aya ya "familia", utadhani waliofariki ni wawili. Fuata miaka, na kila mwaka useme alikuwa wapi na nyumbani kulikuwa na nini.

Anza na karatasi kabla ya watu. Muombe bibi mkoba wa nyaraka, utafute cheti cha kumaliza utumishi, barua za kupandishwa cheo na karatasi za pensheni. Namba yake ya jeshi, ile inayoanza na MT, inakili pembeni, maana kikosini wataihitaji. Kwenye wasifu haina kazi. Cheo kiandike kama kilivyo kwenye cheti. Sajini si Sajinitaji, na Sajinitaji si Afisa Mteule. Wazee wenzake watakaa viti vya mbele, na kosa la cheo watalinasa hapo hapo.

Usichanganye pia JWTZ, yaani Jeshi la Wananchi wa Tanzania, na mgambo, raia waliopewa mafunzo ya kijeshi. Wakati wa vita vya Tanzania na Uganda vya 1978 hadi 1979 jeshi lilikuzwa kutoka watu wasiofika 40,000 hadi zaidi ya 150,000, kwa kuongeza mgambo, polisi, magereza na vijana wa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa). Babu yako alikuwa JWTZ tangu 1974, lakini mzee anayekusimulia huenda alikwenda kama mgambo, na aliyoyaona si lazima yawe ya babu.

"Alipigana Kagera" ni maneno ya haraka mno. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivamia mkoa wetu wa Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, yakashika ardhi yote ya kaskazini ya mto Kagera, na daraja la Kyaka likalipuliwa. Eneo hilo lilikombolewa kabla mwaka haujaisha. Vita virefu vilikuwa ndani ya Uganda. Kwa hiyo ukitaka kujua babu alipita wapi, wenzake usiwaulize tarehe. Tarehe husahaulika, miji haisahauliki. Waambie wakutajie miji kwa kufuatana. Akitaja Masaka, Lukaya, Entebbe na Kampala, alikuwa upande wa kusini. Akianza na Mbarara halafu Fort Portal, alikuwa upande wa magharibi. Tarehe utaweka wewe: Masaka ilitekwa 24 Februari 1979, Lukaya ni 10 na 11 Machi, Entebbe 7 Aprili, Kampala 11 Aprili, na mpaka wa Sudan ulifikiwa 3 Juni.

Hapo Lukaya uwe makini. Brigedi yetu ya 201 ilishambuliwa na kuvurugika siku ya kwanza. Ya 208 ilizunguka ikapiga kutokea nyuma kesho yake alfajiri. Wazee wawili wakikupa Lukaya mbili tofauti, mmoja ya kukimbia na mwingine ya kushinda, usimwite yeyote mwongo. Uliza brigedi. Usipoipata, andika "alikuwepo Lukaya" uishie hapo. Usimpe sifa za kuiteka Kampala peke yake, na idadi ya aliowaua isitajwe, hata mtu akiwa na uhakika nayo.

Kosa kubwa kuliko yote liko kwenye kurudi. Familia huandika "alirejea 1979" kwa sababu vita viliisha mwaka huo, ilhali wanajeshi wetu walibaki Uganda hadi 1981. Hili halimo kwenye karatasi zake za jeshi. Limo kwenye vyeti vya ubatizo vya watoto. Mjomba wako wa pili alizaliwa Machi 1979, babu yuko vitani. Anayemfuata ni wa 1982. Pengo hilo ndilo kiini cha wasifu huu kwa maoni yangu, kwa sababu ndipo bibi alipoishika nyumba. Usimuulize alijisikiaje. Muulize nani alilima msimu ule, mshahara wa babu ulimfikiaje, barua nani alimsomea, na mtoto alipewa jina na nani. Muulize usiku, watu wakishapungua.

Ukifika kwenye tabia, futa "mcheshi, mpenda watu, baba mwema". Maneno hayo hutosha kaburi lolote. Weka tendo: nani alisomeshwa kwa pensheni ile, watoto wa ndugu gani alilea, kazi gani ya nyumbani hakumwachia mtu. Matendo matatu yanatosha.

Orodha ya familia isiandikwe na wewe peke yako. Ipeleke kwenye kikao cha ukoo Ijumaa, wakubaliane idadi ya watoto, pamoja na waliotangulia na wa nje ya ndoa. Mtoto akirukwa mbele ya umati, ugomvi utahamia kwenye mirathi. Na muhtasari wa kikao utatakiwa Mahakama ya Mwanzo pamoja na cheti cha kifo. Majina yakipishana na yaliyosomwa, mtapigwa maswali. Wajukuu na vitukuu taja idadi tu.

Medali zipigwe picha leo, kisha akabidhiwe mtu mmoja. Msibani vitu vidogo hupotea. Zilivyopangwa kwenye utepe msizipange upya. Kama jeshi halijaarifiwa, mjomba aende kesho asubuhi kwenye kikosi kilicho karibu, au kwa mshauri wa mgambo wa wilaya, akiwa na ile namba. Wakiambiwa Jumamosi yenyewe hawataweza kupanga chochote.

Urefu uwe maneno 600, kama dakika sita za kusoma taratibu. Chapa kwa herufi kubwa, upande mmoja wa karatasi, nakala tatu: yako, ya mwongoza ratiba, ya kanisa. Usisome kwenye simu: jua la saa sita litaficha kioo, na watu watakupigia katikati. Ugonjwa upewe sentensi moja, na iwe ile aliyoiridhia bibi.

Rasimu ikiwa tayari, msomee bibi yote kwa sauti kabla ya kuchapa. Sentensi atakayoikataa itoke, hata kama ni ya kweli. Kisha nitumie, nikague vyeo na tarehe.

Baba yako