Ndoo ya Barafu na Jumamosi za Baba

Mwezi huu maswali yenu yanajibiwa na mtaalamu wa tiba ya viungo ambaye ana miaka 24 pembeni ya uwanja na timu za chuo kimoja cha Dar es Salaam. Ni mume, na ni baba wa watoto watatu.

Habari za kazi, kaka. Binti yangu anacheza netiboli chuoni. Juzi aliruka kudaka mpira, akatua vibaya, mguu ukapinda kwa ndani. Bibi yake amemkanda kwa maji ya moto, na jirani anasema kuna mzee Mbagala anayenyoosha viungo. Mguu umevimba hadi vidoleni. Nifanyeje? Mama wa Tabata.

Nzuri, dada yangu, na pole sana. Kwanza usimpeleke kunyooshwa. Mguu ukipinda kwa ndani, zinazoumia mara nyingi ni kano za upande wa nje wa kifundo, zimevutika au zimechanika kidogo. Kano iliyochanika haina cha kunyooshwa, na kama kuna ufa kwenye mfupa, mikono ya yule mzee itaufanya ufa kuwa mvunjiko.

Mwambie asimame mbele yako atembee hatua nne, hata kwa kuchechemea. Kisha keti chini, ushike mguu wake, utafute vile vijifupa viwili vinavyotokeza kulia na kushoto mwa kifundo. Bonyeza kwa kidole ukingo wa nyuma wa kila kimoja, kuanzia nchani kupanda juu kama sentimita 6. Bonyeza pia mfupa ulio katikati ya ukingo wa nje wa wayo, na ule wa juu upande wa ndani, mbele ya kifundo. Akishindwa hatua nne, au ukigusa mfupa akaruka kwa maumivu, basi ni eksrei leo leo, msingoje kesho. Utaratibu huu ulitolewa na madaktari wa Ottawa, Kanada, mwaka 1992, na mimi nautumia karibu kila wiki. Umewaokolea wazazi wengi nauli na foleni, na mara chache umenionyesha mfupa uliovunjika kwa mtoto aliyekuwa anacheka.

Bibi mshukuru kwa upendo wake, lakini maji ya moto ayaweke pembeni kwa sasa, maana siku za mwanzo yanaongeza uvimbe. Nunua barafu ya mfuko hapo dukani, ivunjevunje, ifunge ndani ya kanga, mwekee dakika 15 hadi 20, kisha toa. Usiiweke kwenye ngozi tupu. Funga bandeji ya kuvutika isiyobana sana (kidole chako kimoja kipite chini yake), na mguu ulale juu ya mito, juu kuliko kifua.

Sisi wa zamani tulifundishwa barafu kama dini. Daktari Gabe Mirkin wa Marekani ndiye aliyeieneza kanuni hiyo mwaka 1978, na baadaye mwenyewe alikuja kusema kwamba barafu nyingi inaweza kuchelewesha kupona. Kwa hiyo mimi naitumia kutuliza maumivu siku mbili za mwanzo, basi. Baada ya hapo mguu unataka kazi: achore herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu, A hadi Z, asubuhi na jioni. Akiweza kuukanyaga bila maumivu, apige mswaki akiwa amesimama kwa mguu huo mmoja. Binti yangu wa pili alifanya hivyo wiki sita pale bombani nyuma ya nyumba, povu mdomoni, mkono mmoja umeshika kamba ya nguo. Wiki za mwanzo aliishika kwa nguvu. Siku alipoiachia bila kujua nilikuwa namtazama kutoka dirishani, na sikumwambia kitu. Nilisubiri amalize kusukutua.

Shikamoo mzee. Mume wangu mwaka jana alipata kazi kama yako, anahudumia timu ya mpira. Naipenda kazi yake na inatulisha. Ila Jumamosi hayupo, Jumapili hayupo, akirudi wachezaji wanampigia hadi saa nne usiku. Mtoto wetu ana miaka minne, na mwezi uliopita alimwita "anko" mbele ya wageni. Wewe umewezaje miaka yote hii? Mke wa Kimara.

Marahaba, binti yangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na ya tatu nilimsomea mke wangu. Akasema, "Mweleze ya kanzu." Haya, nakueleza.

Mwanangu wa kwanza alihitimu Qurani akiwa na miaka tisa. Dua iliwekwa Jumamosi baada ya Alasiri, madrasa ya mtaani kwetu, wamealikwa majirani na babu yake ametoka Bagamoyo. Siku hiyo tulikuwa na nusu fainali. Nikamwambia mama yake mechi itaisha mapema, nitawahi walau mwisho wa dua. Mechi ikaenda hadi penalti, kipa wetu akateguka kidole, nikampeleka hospitali, nikakaa naye kusubiri picha. Nilikuwa na msaidizi ambaye angeweza kumpeleka. Nilijua hivyo pale pale, na bado nilipanda mimi kwenye bajaji, kwa sababu nilizoea kuwa mtu wa kuitwa.

Nilifika nyumbani saa tatu usiku. Mtoto alikuwa amelala kwenye mkeka wa sebuleni na kanzu yake mpya, kofia ameikumbatia. Alikataa kuivua hadi baba aione. Kwenye pindo palikuwa na doa la ukwaju, na alikuwa amejaribu kulifuta, unaona kabisa alivyosugua. Nilikaa sakafuni pembeni yake muda mrefu. Mke wangu hakunigombeza. Aliniletea chakula, akaniwekea, akaenda kulala.

Tangu siku hiyo nilibadilisha mambo, na nakuandikia yale tu ambayo yamedumu.

Simu yangu kuanzia Magharibi hadi Isha inakaa juu ya kabati la vyombo. Wachezaji wote wanajua. Nahodha ana namba ya mke wangu, na ana maneno matatu tu yanayoruhusu kuipiga: kichwa, kifua, mfupa. Mchezaji aliyegongwa kichwa na sasa anatapika, aliyeshikwa na kifua, aliyevunjika. Paja linalovuta linasubiri asubuhi. Mwanzoni niliogopa wataniona nimewatupa. Haikuwa hivyo, walianza kuniambia mambo yao mapema, mchana, wakati nina nafasi ya kuwasikiliza.

Jumamosi naenda na mtoto mmoja, kwa zamu. Anabeba chupa za maji, anakaa kwenye benchi la tiba, anajua jina la kila mchezaji. Wote watatu wamekua hivyo. Mdogo alijifunza kuhesabu kwa kunihesabia roli za plasta.

Na Jumapili alfajiri, kama hakuna safari ya timu, mimi na aliye kwenye zamu tunakwenda Feri kununua samaki, changu mfuko ukiruhusu, vibua usiporuhusu. Samaki wa kupaka nampika mwenyewe, nazi nakuna mwenyewe, mke wangu anakaa kwenye kiti anasikiliza redio. Siku hiyo jikoni haingii.

Wewe usimwambie mumeo kwamba hayupo kamwe, atajitetea kwa kuhesabu siku alizokuwepo. Mwambie kitu kimoja chenye saa na siku: Jumatano saa kumi na mbili jioni mwogeshe mtoto wewe. Na mpeleke huyo mtoto uwanjani siku moja, amwone baba yake akikimbia na begi kuingia uwanjani na watu wote wamenyamaza kumtazama. Ajue anko huyo ni nani.

Kisha mpe mumeo gazeti hili. Kaka, nakuandikia na wewe hapa hapa. Ile picha tunayojipigia kwamba bila sisi timu itakufa, mimi nimeibeba miaka mingi. Mfundishe msaidizi wako kufunga bandeji vizuri kama wewe. Umwachie gari la wagonjwa siku moja, urudi nyumbani kabla ya jua kuzama.

Shikamoo dokta. Nacheza winga. Wiki mbili zilizopita niligeuka kwa kasi, goti likalia "ta", likajaa ndani ya saa mbili. Sasa uvimbe umepungua ila linalegea nikishuka ngazi. Jumamosi ni fainali na kuna mtu ameahidi kunichoma sindano nicheze. Mbona Akhwari, yule mkimbiaji wetu wa marathoni, alimaliza na goti bovu, na taifa zima linamsifu? Mwanafunzi, Mabibo.

Marahaba mwanangu. Usicheze.

Mlio, kujaa ndani ya saa chache, na kulegea kwenye ngazi: ukiniletea mambo hayo matatu kwa pamoja nawaza kwanza ile kano ya katikati ya goti inayozuia mfupa wa muundi usiteleze mbele. Sina haki ya kukuambia imekatika bila kukushika. Lakini nina haki ya kukuambia uende kwa daktari wa mifupa wiki hii, kabla ya Jumamosi. Pale Muhimbili kuna taasisi nzima ya mifupa. Sindano ya ganzi itanyamazisha maumivu na kukuachia goti lile lile linaloteleza, na kila likiteleza linasaga gegedu na kuchana zile pedi mbili za ndani. Pedi hizo zikiharibika utazilipia ukiwa na miaka 40, unapanda ngazi za nyumba yako kwa kushika ukuta.

Na kama itakuwa kano, ukafanyiwa upasuaji, usirudi uwanjani kabla ya miezi tisa. Watafiti wa Norway walionyesha mwaka 2016 kwamba kila mwezi mchezaji aliochelewa kurudi, hadi kufikia wa tisa, ulipunguza hatari ya kuumia tena kwa karibu nusu.

Sasa Akhwari. Marehemu baba yangu alinisimulia habari zake nikiwa mdogo kuliko ndoo yangu ya barafu, na namheshimu mtu yule kwa moyo wote. Mexico, 20 Oktoba 1968, John Stephen Akhwari alianguka katikati ya marathoni, goti likatoka mahali pake, akafungwa bandeji na kuendelea. Aliingia uwanjani wa mwisho kati ya 57 waliomaliza, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kuchukua dhahabu. Hilo mnalijua wote. Ambalo sisikii mkilisema ni kwamba mwaka 1970, kule Edinburgh kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, alikimbia marathoni na kushika nafasi ya tano. Alirudi na goti linalofanya kazi. Mtu aliyebaki kilema kwa kiburi cha siku moja asingeikimbia Edinburgh.

Tena yule aliamua mwenyewe, yuko peke yake barabarani, anasikia kila maumivu ya mwili wake. Wewe unataka mtu akuzibe masikio kwa sindano, na ukipoteza mpira kwa sababu mguu haukutii, wenzako kumi watakimbia kuziba pengo lako. Nenda kwa kocha leo, umwambie kwa mdomo wako. Ukiogopa, mwambie mtaalamu wa timu yenu asimame nawe. Mimi nimesimama na wachezaji mbele ya makocha mara nyingi kuliko nilivyofunga bandeji, na hiyo ndiyo sehemu ya kazi ninayoionea fahari.

Kaka, nimemaliza kidato cha sita mchepuo wa sayansi. Nataka kazi kama yako. Nianzie wapi? Kijana wa Gongo la Mboto.

Huko Marekani kuhudumia wachezaji pembeni ya uwanja ni fani inayojitegemea kabisa. Wana chama chao tangu 1950, na chama cha madaktari wa nchi hiyo kiliitambua rasmi kama taaluma ya afya mwaka 1990. Chuo kikubwa hakiingizi timu uwanjani bila mtu huyo. Hapa kwetu njia iliyonyooka ni kusomea fiziotherapia, yaani tiba ya viungo (KCMC kule Moshi wanaifundisha kwa miaka mingi), kisha ukajifunzia michezo uwanjani.

Lakini kuna mambo mawili usiyangoje chuo. La kwanza ni moyo. Marc-Vivien Foé wa Kameruni alianguka uwanjani Lyon mwaka 2003 na hakuamka. Christian Eriksen wa Denmark alianguka Copenhagen mwaka 2021, akabonyezwa kifua papo hapo, mashine ya kushtua moyo ikaletwa, na yuko hai. Mtu akianguka bila kuguswa, haitiki na hapumui kawaida, piga magoti, weka viganja katikati ya kifua, bonyeza kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na mwingine apige simu. Tafuta mafunzo ya huduma ya kwanza uyafanye kwa mikono, kwa sababu ukisoma tu mikono haitajua la kufanya siku hiyo.

La pili ni joto letu hili. Mechi ya saa nane mchana mwezi wa pili, hewa imejaa unyevu, jasho halikauki mwilini. Mchezaji akianza kuongea ovyo, kuyumba, kugombana na mwamuzi bila sababu, mtoe, mlaze kivulini, mmwagie maji ya barafu mwili mzima au mtumbukize kwenye beseni hadi akili irudi. Mpooze kwanza, ndipo gari liondoke. Watu wetu hukimbilia gari, na foleni ya Dar unaijua.

Kama kweli unataka, mwandikie mhariri akupe njia ya kunipata. Jumamosi tunacheza saa kumi na nusu. Njoo saa saba, bodaboda wa barafu anafika saa saba na nusu, na zamu hii mwanangu mdogo yuko peke yake kuipokea.