Kupunguza gia si kupunguza mlima

SWALI: Ndugu mhariri, baiskeli yangu ya milimani ina magurudumu ya inchi 26, sproketi 3 mbele zenye meno 42, 32 na 22, na kaseti (rundo la sproketi za nyuma) ya gia 9 yenye meno 11 hadi 34. Kibadilisha gia cha mbele kinakwaruza na kuchelewa hadi nimekichoka. Nikibakiza sproketi ya 32 peke yake, nitapanda milima kwa urahisi zaidi?

JIBU: La, utapanda kwa shida zaidi. Baiskeli itakuwa rahisi kuitunza na nzito kuikanyaga, na wengi hulitambua hilo wakiwa wameshatupa vipuri vya zamani. Kabla ya kushika spana, shika kalamu. Gawanya meno ya sproketi ya mbele kwa meno ya sproketi kubwa kuliko zote ya nyuma; jibu likipungua, gia ni nyepesi. Sasa una 22 kwa 34, yaani 0.65. Ukibaki na 32 kwa 34 unapata 0.94, na kwenye mwinuko uleule mguu utalazimika kusukuma kwa nguvu inayozidi ya sasa kwa karibu asilimia 45.

Ukitaka sproketi moja mbele, basi nyuma lazima pakue. 30 kwa 42 ni 0.71, bado nzito kidogo kuliko ulichonacho. 30 kwa 46 inakurudisha palepale, 0.65. 30 kwa 51 ni 0.59, na hapo ndipo mlima utakapoanza kulegea. Gharama yake ni mwendo wa juu: kwa 30 na 11, ukizungusha pedali mara 90 kwa dakika, utafika kama kilomita 30 kwa saa, wakati 42 na 11 ingekupa karibu 43. Kwenye vijia vya mlimani hutaikumbuka tofauti hiyo. Kwenye lami ndefu utaikumbuka sana.

Kwa baiskeli yako tungeanza na jambo dogo zaidi. Toa sproketi ya 42 tu, weka ngao ya cheni mahali pake kwa bolti zilezile, kisha kaza skrubu ya kikomo cha nje ya kibadilisha gia cha mbele mpaka kisiweze kuvuka 32. Unabaki na 22 yako ya kupandia. Cheni unaweza kuifupisha kwa pingili 4, isipigepige kwenye bonde. Na ule mkwaruzo, mara nyingi kosa si la kibadilisha gia chenyewe: waya umeshika kutu ndani ya ala yake. Badilisha waya na ala kwanza. Pengine hamu ya kung'oa vyote itaisha.

SWALI: Nimeshaamua: sproketi moja ya meno 30 mbele na kaseti pana nyuma. Gurudumu la nyuma ni la mfumo wa zamani wa Shimano wa gia 9. Ninunue nini, na nini kinaweza kubaki?

JIBU: Anzia kwenye frihabu, ile silinda yenye mifereji inayovaa kaseti, kwa sababu ndiyo inayoamua mengine. Frihabu yako inapokea kaseti nyingi zinazoanzia meno 11: microSHIFT Advent ya gia 9 (11 hadi 42), Advent X ya gia 10 (11 hadi 48) na Shimano Deore M5100 ya gia 11 (11 hadi 51). Kaseti inayoanzia meno 10 haitaingia. Hiyo inataka frihabu ya aina nyingine, yaani Micro Spline kwa Shimano au XD kwa SRAM, na mara nyingi maana yake ni gurudumu jipya.

Shifta (kile cha kubadilishia gia kwenye usukani), kibadilisha gia cha nyuma, kaseti na cheni vinunue kwa pamoja, vya familia moja. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Kibadilisha gia cha Shimano cha milimani cha gia 10 hakipatani na shifta yake ya gia 9, kwa kuwa kila kimoja kimepimiwa mvuto tofauti wa waya. Gia mbili za kwanza zitakubali, zinazofuata zitateleza katikati. Zaidi ya hayo, vibadilisha gia vingi vya gia 9 havikuundwa kumeza sproketi inayozidi meno 34 au 36. Kipo kipande cha kurefusha sikio la fremu, pale kibadilisha gia kinapofungwa, ili kibadilisha gia kishuke chini kidogo. Kinafanya kazi, lakini mabadiliko kwenye sproketi ndogo huwa mazito, na sisi tusingekitumia ila kwa muda.

Mbele, pima kranki, ule mkono wa pedali unaobeba sproketi. Ikiwa ina bolti 4, pima kutoka katikati ya bolti moja hadi katikati ya bolti jirani: ukipata milimita 73.5 hivi, duara linalopita katikati ya bolti zote lina kipenyo cha milimita 104. Kwenye duara hilo 32 inakaa bila tabu, na 30 inapatikana ile ambayo bolti zinajikaza kwenye sproketi yenyewe. 28 haiingii, ukiitaka, badilisha kranki.

Usitumie sproketi ya kati ya zamani kama ndiyo pekee. Meno yake ni mafupi na ubavuni ina vipandio, vyote hivyo vikiwa vimewekwa ili cheni iachie kwa urahisi. Peke yake itaachia hata pale usipotaka, tena kwenye mawe. Nunua yenye meno manene na membamba yanayopishana: jino nene linajaza pingili pana, jino jembamba linajaza pingili nyembamba, na cheni inashikwa. SRAM ilipotoa XX1 mwaka 2012 ilitegemea meno ya namna hiyo, na leo karibu kila mtengenezaji anayo. Idadi ya meno ni shufwa daima, kwa sababu hiyohiyo.

Nunua pia bolti fupi, isipokuwa kama umechukua sproketi ya 30 inayokuja na bolti zake. Bolti zako za sasa zilishika sproketi mbili. Zikishika moja zitafika mwisho wa nati kabla hazijabana chochote. Utadhani umekaza, kumbe sproketi inacheza. Bolti za chuma zikaze Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza) 12 hadi 14, za alumini Nm 8 hadi 10, na pete ya kaseti Nm 40.

SWALI: Fundi amenifungia sproketi moja mbele. Nikiwa kwenye gia nyepesi kabisa cheni inanguruma, na nikirudisha pedali nyuma inashuka yenyewe hadi sproketi ndogo. Kosa liko wapi?

JIBU: Hayo ni makosa mawili. Mngurumo: kigurudumu cha juu cha kibadilisha gia kinagusa sproketi kubwa. Kaza skrubu ya B, ile inayosukuma kibadilisha gia mbali na kaseti, mpaka pabaki milimita 5 hadi 6, isipokuwa kijikaratasi cha kifaa chako kikitaja kipimo kingine.

Kushuka kwa cheni ni mstari uliopinda mno. Angalia sproketi ya mbele imefungwa upande gani wa vidole vya kranki, ile mikono mifupi inayoshika bolti. Ikiwa iko upande wa nje, pale ilipokuwa sproketi kubwa, ihamishie upande wa ndani. Kisha zungusha kranki taratibu uone kama meno hayagusi fremu.

Ukiwa hapo, hakiki urefu wa cheni. Izungushe kwenye sproketi ya mbele na ile kubwa ya nyuma bila kuipitisha kwenye kibadilisha gia, vuta ncha zikutane, ongeza pingili 2. Baiskeli yenye shokapu ya nyuma ipimwe shokapu ikiwa imebonyezwa mahali cheni inaponyooka zaidi. Cheni fupi ni hatari kuliko ndefu: ukiingia gia nyepesi inaweza kuvunja kibadilisha gia pamoja na sikio la fremu.

SWALI: Yangu ni ya bei nafuu: gia 7 nyuma, 14 hadi 28, za kufungwa kwa nyuzi, mbele 42, 34 na 24 zilizopigwa ripiti. Nifanyeje?

JIBU: Acha mbele kama palivyo, sproketi za ripiti hazifunguki. Nunua friwili (rundo la sproketi za nyuma la kufungwa kwa nyuzi, kama lako) ya gia 7 ya 14 hadi 34 na cheni mpya, kwa sababu cheni iliyochakaa itaruka kwenye meno mapya. Kutoka 24 kwa 28 (0.86) utashuka hadi 24 kwa 34 (0.71), nafuu ya karibu asilimia 18. Hakikisha tu kibadilisha gia cha nyuma kinafika 34. Kufungua friwili ya zamani, bana kifunguo chake kwenye jiriwa na uzungushe gurudumu lote kinyume cha saa. Kabla ya kufunga mpya, paka grisi kwenye nyuzi, maana kila unapokanyaga pedali unazidi kuikaza, na bila grisi haitafunguka tena kwa urahisi.