Vifaa, zana au vyombo vya kupasulia mifupa?

Swali: Tunaandaa maonyesho ya vitu vya zamani vya upasuaji wa mifupa: misumeno, patasi, misumari ya kuungia. Kwenye lebo tuandike vifaa, zana au vyombo? Na ile fremu ya chuma ya kunyooshea mguu ya Hugh Owen Thomas, daktari wa mifupa wa karne ya 19, tuiite banzi au gango?

Jibu: Mkusanyo mzima uiteni vifaa, maana neno hilo linabeba kila kilichomo. Zana ni kile ambacho daktari hukishika mkononi kufanyia kazi: patasi, nyundo, koleo, msumeno. Msumari ambao Gerhard Küntscher wa Kiel, Ujerumani, alianza kuupitisha ndani ya mfupa wa paja mwaka 1939 si zana, kwa kuwa hubaki mwilini. Watu husema "amewekewa chuma", basi nanyi andikeni chuma. Vyombo liacheni kwa bakuli na sinia.

Kinachonisumbua zaidi katika lebo za namna hii ni kitenzi. Kila kitu "hutumika", hata kilichoachwa zamani! Kiambishi hu- hutaja jambo la kawaida linaloendelea. Chukueni msumeno wa waya wa Leonardo Gigli. Mkiandika "hutumika kukata mifupa", mmefuta habari yake yote. Gigli alikuwa daktari wa uzazi nchini Italia, na mwaka 1894 aliutoa kwa ajili ya mama aliyeshindwa kujifungua: waya ulipitishwa nyuma ya mfupa wa kinena, ukavutwa huku na huku, mfupa ukakatika, njia ya mtoto ikapanuka. Baadaye madaktari wengine wakauchukua kufungulia fuvu na kukatia miguu na mikono. Li- na ka- ndizo zinazoweza kusimulia safari hiyo, kwa hiyo zitumieni, hata kama lebo itaongezeka mstari mmoja.

Banzi na gango yote ni sahihi. Banzi ni kipande chembamba cha kuegemezea kiungo kilichovunjika. Gango linatokana na kuganga. Mimi nalipenda gango hapa, kwa sababu Thomas alitoka katika ukoo wa waunga mifupa wa Wales, na baba yake, Evan, aliifanya kazi hiyo Liverpool bila shahada ya udaktari. Ila wasomaji wengi wa leo watalielewa banzi haraka zaidi, kwa hiyo liwekeni kwenye jina, gango lije ndani ya maelezo.

Elezeni pia kwamba Thomas alilikusudia banzi lake hasa kwa goti lenye maradhi. Ni Robert Jones, daktari wa mifupa na mpwa wa mkewe, aliyelipigania litumike kwa askari waliovunjika paja katika Vita Kuu ya Kwanza. Na hapa andikeni "hutumika" bila wasiwasi: wagonjwa bado wanafungwa banzi la Thomas hospitalini.