Vyombo vya muziki alivyoacha marehemu: vichomwe, viuzwe au vigawiwe?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Baba yetu amefariki. Alikuwa mpigaji udi karibu maisha yake yote. Ameacha udi wake, kodiani, kanuni (kile chombo cha nyuzi), dumbak (ngoma ndogo) mbili, matari, spika alizochukua kwa mkopo ambao haujaisha, na fidla ambayo mama anasema ni amana ya rafiki yake. Wazazi wake walishatangulia. Tuliobaki ni mama, kaka yangu mkubwa, mimi, na mdogo wetu wa kiume ambaye hajabaleghe. Baba alisema mbele ya mama na jirani, "Nikifa, udi mpeni mwanafunzi wangu." Mimi aliniambia kodiani ni yangu, ingawa aliendelea kuipiga mpaka alipougua. Sasa kaka anataka vyote vichomwe. Anasema kila vikipigwa baba ataadhibiwa kaburini. Mama anataka kuwagawia bure vijana wanaojifunza. Na mwenye baa mmoja ameshatoa bei nzuri kwa spika na dumbak. Tufanye lipi?

JIBU: Wa alaykumu salaam wa rahmatullahi wa barakatuh. Allah amrehemu baba yenu na awape subira.

Dada yangu, nyumbani kwenu mmeanza kugombana juu ya muziki kabla hamjajua kila chombo ni cha nani. Haki za watu ndizo zinazotangulia. Anzeni na ile fidla. Si mali ya marehemu, kwa hiyo haimo katika urithi, haichomwi, haiuzwi wala haigawiwi. Allah amesema katika Surat an-Nisaa, aya ya 58, kwamba amana zirudishwe kwa wenyewe. Mtafuteni huyo rafiki, na akiwa naye amefariki, watafuteni warithi wake. Kaka yako akiichoma atakuwa ameharibu mali ya mtu asiyehusika na ugomvi wenu.

Kisha lipo deni la spika. Sayyidna Ali (r.a.) amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alihukumu deni lilipwe kabla ya wasia, japokuwa aya za mirathi zimetaja wasia kwanza. Muulizeni aliyemkopesha baba kama yuko tayari kuzichukua spika zake na kufuta kilichobaki. Akikataa, deni litolewe katika mali yote aliyoacha baba kabla hamjagawana hata tari moja.

Sasa udi. Maneno "nikifa mpeni fulani" ni wasia, na mwanafunzi si mrithi, hivyo kwa asili wasia wake unaswihi ukiwa ndani ya theluthi. Saad bin Abi Waqqas (r.a.) alipotaka kuusia zaidi, Mtume (s.a.w.) alimwambia, "Theluthi, na theluthi ni nyingi." Theluthi hiyo hupigwa katika mali yote baada ya deni, yaani nyumba, fedha na kila kitu, si katika vyombo peke yake. Watu wengi hukosea hapa. Udi uthaminiwe na fundi anayevijua vyombo hivi, na athamini kwa bei ya soko. Kama jina la baba limeupandisha bei, na nyongeza hiyo pia ihesabiwe.

Kodiani yako ina hukumu nyingine, na huenda isikufurahishe. Abubakar (r.a.) alimpa binti yake Aisha (r.a.) zawadi ya tende wasaq 20 (wasaq ni kipimo cha nafaka na matunda) zikiwa bado shambani. Mauti yalipomfikia akamwambia kwamba lau angelikuwa ameshazivuna na kuzichukua zingekuwa zake, lakini leo ni mali ya warithi. Imam Malik ameipokea habari hii katika kitabu chake cha hadithi, Muwatta. Baba yako alikutamkia, ila kodiani ilibaki mikononi mwake mpaka mwisho, kwa hiyo zawadi haikutimia. Na ukisema basi ihesabiwe kuwa wasia, wewe ni mrithi, na Mtume (s.a.w.) amesema hakuna wasia kwa mrithi. Wakubwa wakiridhia, wanaweza kukuachia kutoka katika mafungu yao. Njia nyepesi zaidi ni uichukue kwa thamani yake ndani ya fungu lako mwenyewe.

Na mafungu ni haya: mali igawanywe sehemu 40. Mama yako anapata thumni, yaani moja ya nane, sehemu 5. Kila ndugu yako wa kiume anapata 14, nawe 7. Tazama sasa: katika kila chombo kilichobaki, zaidi ya theluthi ni ya mtoto ambaye hajabaleghe. Mama ana moyo mzuri, lakini hana ruhusa ya kufanya ukarimu kwa mali ya yatima. Aya ya 10 ya Surat an-Nisaa inatisha mno kwa anayeila mali ya yatima kwa dhulma, na kuitoa bure ni kumpotezea vilevile. Vijana wapewe kutoka fungu la mama na la mkubwa mwingine anayetaka. Fungu la mdogo litunzwe, au sehemu yake iuzwe kwa bei ya haki na fedha awekewe.

Nije kwa kaka yako, ambaye hoja yake si ya kupuuzwa. Jumhuri, yaani walio wengi, ya wanazuoni wa madhehebu manne wameharamisha vyombo vya nyuzi na vya kupuliza, wakitegemea miongoni mwa dalili hadithi ya maazif (vyombo vya muziki) iliyo katika Sahihi Bukhari. Mwanazuoni Ibn Hazm aliitia kasoro sanadi yake, yaani mlolongo wa wapokezi wake, na akahalalisha, na katika zama zetu Sheikh Yusuf al-Qaradawi alijuzisha muziki kwa masharti. Matari yana nafasi pana zaidi, kwani yamethibiti katika arusi na Idi. Mimi mwenyewe nafuata jumhuri na vyombo vya nyuzi sivisikilizi. Lakini kufuata kwangu hakunipi haki ya kuteketeza mali ya mwenzangu anayefuata kauli nyingine.

Hata ndani ya madhehebu yenye msimamo mkali hukuti moto anaoutaka. Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu chake cha fiqhi ya Kishafi, anasema kauli sahihi zaidi ni kwamba chombo cha upuuzi, yaani cha muziki, hakivunjwivunjwi ovyo, bali hufunguliwa viungo vyake mpaka virudi vilivyokuwa kabla ya kuunganishwa, kwa sababu mbao na ngozi ni mali. Humohumo amezungumzia mtu anayeusia ngoma: ya upuuzi wasia wake hubatilika, ila ikifaa kwa vita au msafara wa mahujaji. Kwa kipimo hicho wasia wa udi kwa mwanafunzi una mashaka, siwafichi. Kwa kauli ya wanaojuzisha, ni sahihi. Mkiafikiana kuutekeleza, sioni wa kuwazuia, mradi thamani yake isimpunguzie mdogo wenu fungu lake, kwani yeye hana uwezo wa kuridhia. Mkishindwa, nendeni kwa kadhi, kwani hukumu yake huondoa khitilafu.

Kaka yako naye ana njia ya kuilinda dini yake bila kiberiti. Achukue fungu lake lote katika fedha au mali nyingine ya marehemu, na vyombo vibaki katika mafungu yenu. Hapo hakuna senti ya dumbak itakayoingia mfukoni mwake.

Kuhusu mwenye baa, msimuuzie, hata akiongeza bei maradufu. Aya ya 2 ya Surat al-Maida imekataza kusaidiana katika dhambi na uadui, nanyi mnajua vitapigwa wapi na mbele ya nini. Hapa wanaoharamisha na wanaojuzisha wamekutana, maana wanaojuzisha wameshurutisha kusiwe na pombe, na Imam Ghazali alipokataza vyombo vya nyuzi alitaja kuwa ni alama ya walevi. Mnunuzi msiyejua nia yake hamlazimiki kumpeleleza.

Limebaki la adhabu ya kaburi. Hiyo ni ghaibu, na si kaka yako wala mimi tuliopewa habari zake. Ipo hadithi ya Muslim kwamba anayeanzisha mwendo mbaya hubeba na dhambi za wanaoufuata, na ndiyo inayomtia hofu. Lakini kuuza au kugawa vyombo baada ya mauti ni tendo lenu ninyi, na Surat an-Najm, aya ya 38, inasema hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwenzake. Kama anamhofia baba, deni la spika ndilo la kukimbilia. Mtume (s.a.w.) amesema nafsi ya muumini hufungika na deni lake mpaka lilipwe. Kisha amuombee maghfira na amtolee sadaka, na aache kumtaja vibaya mbele za watu, kwani tumekatazwa kuwatukana wafu.

Hukuuliza habari za rekodi zake, ila kama zipo zinazolipiwa mirabaha, nazo zina haki ya mali. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, baraza la kimataifa la wanazuoni, iliamua mwaka 1988 kwamba haki za utunzi zinalindwa kisheria. Ziingizeni katika hesabu mtakapokwenda kwa kadhi, pamoja na shahidi yule jirani.

Wallahu aalam.